Pazia la dirisha: ndani ya tundu au juu ya ukuta?

«Papa fundi, tuko Bukavu, upande wa Nguba, kwenye nyumba ya zamani ya matofali ambayo bwana yangu aliiongezea vyumba viwili. Nataka kuondoa rido, yale mapazia ya kitambaa ya kuvuta pembeni, niweke zile stori za kupandisha na kushusha. Chumba cha kulala kinatazama mashariki, na mtoto wetu wa miezi 8 anaamka jua likichomoza tu. Dirisha lake ni la chuma, linafungukia nje, antivoli, zile nondo za kuzuia wezi, iko ndani. Nimepima tundu: juu sm 121, katikati 120, chini 119, urefu 140. Kutoka antivoli mpaka usawa wa ukuta wa chumba ni sm 6. Sebule iko kwenye sehemu ya zamani: dirisha la mbao la mabawa mawili, upana 180, linafungukia ndani, linapigwa na jua la jioni. Fundi anasema zote zifungwe ndani, ndivyo nyumba za kisasa zinavyofanywa. Wifi yangu anasema zifungwe nje. Mimi nje naiogopa, kwa mvua na wezi. Muuzaji ana za upana wa 120 na za 140 zilizo tayari. Ninunue zipi? Tena kuna ufa kwenye kona ya dirisha la sebule, umeanza kama unywele sasa unaonekana. Pazia si litaufunika?»

Mama, kwanza asante kwa kupima. Wengi huniletea picha ya dirisha kwenye simu na kuuliza bei. Wewe umeleta upana wa sehemu tatu, na umekumbuka kusema kila dirisha linafungukia wapi. Kwa namba hizo naweza kukujibu bila kubahatisha.

Nikikuelewa vizuri, unataka mtoto alale, sebule ipumzike na jua la jioni, na pesa yako isiishie kwenye pazia litakalokwama katikati ya dirisha. Fundi na wifi wanabishana kana kwamba nyumba nzima ina jibu moja. Haina. Madirisha yako mawili hayafanani hata kidogo, na kila moja nitalijibu peke yake.

Hofu ya mvua na wezi tuiondoe mapema. Tunaposema pazia limefungwa nje, hatumaanishi uani. Linabaki chumbani mwako vilevile. Kufunga ndani ni kuliweka ndani ya unene wa ukuta, kati ya kuta mbili za tundu la dirisha. Kufunga nje ni kulipigilia kwenye uso wa ukuta wa chumba, juu ya tundu, lilifunike na kulipita pande zote kama mfuniko unaopita ukingo wa sufuria. Mvua hailifikii, na mwizi atakutana na antivoli kabla ya kuligusa.

Fundi wako hajakosea kabisa. Pazia likikaa ndani ya tundu linapendeza: halitokezi, halipunguzi nafasi ya kupita, na ukitaka bado unaweza kutundika rido mbele yake. Nikiingia kwenye nyumba yenye tundu lililonyooka, mimi mwenyewe huchagua ndani. Lakini ndani ina masharti. Tundu liwe na pembe za mraba, liwe na kina, na pasiwe na kitu kinachozunguka au kutokeza mahali pazia linapopita. Kina unacho, sm 6 zinatosha pazia jepesi la kuviringisha. Kinachokosekana chumbani kwako ni mraba, na kinachokosekana sebuleni ni njia.

Tuanze na chumba. Sm 121 juu, 119 chini. Tundu lako linabana kadiri linavyoshuka, jambo la kawaida kabisa kwenye kuta zetu zinazopigwa plasta kwa mkono. Macho hayaoni sm 2, lakini pazia linaziona. Ukinunua lile la 120 na kulifunga ndani, litaingia juu vizuri, fundi atakunja mikono na kutabasamu, halafu ulishushe, na kama ni la vipande likwame chini ya katikati. Vipande vya aluminiamu vitakwaruza plasta na kupinda ncha. Likiwa la kitambaa huenda lisikwame, lakini litaacha mwanga upenye pembeni, kama utakavyoona. Kwa hiyo lile la 120 kwa kufunga ndani ya dirisha hili, hapana. Usishawishiwe na bei yake.

Pazia la ndani hupimwa kwa upana mdogo kuliko zote, kwako 119, kisha unatoa kama sm 1 ili lisisuguane na ukuta. Unabaki na 118. Na hiyo 118 ni kuanzia ncha ya kishikio mpaka ncha ya kishikio cha pili. Kitambaa chenyewe ni chembamba zaidi, kwa sababu vishikio na gurudumu la cheni vinakula kama sm 3 za upana. Tuseme kitambaa ni 115. Sasa likiwa katikati ya tundu lako, juu linaacha wazi sm 3 kila upande, chini sm 2. Zidisha kwa urefu wa 140, pande zote mbili: unapata kama sm 700 za mraba, eneo kubwa kuliko karatasi ya A4. Umelipia pazia zito la giza, halafu umeacha karatasi nzima ya mwanga kwenye chumba cha mtoto.

Ungekuwa na dirisha linalotazama kaskazini au kusini ningekuambia usijali. Bukavu iko kama digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na paa lenye ukingo wa kutosha linalizuia. Madirisha yanayoteseka kwetu ni ya mashariki na ya magharibi. Saa 12 asubuhi jua liko chini kabisa, mwanga wake unakuja umelala, unaingia moja kwa moja mpaka ukuta wa pili. Mchirizi wa sm 3 unaoonekana si kitu mchana, alfajiri unakuwa mstari mweupe juu ya kitanda.

Na mstari huo unahama. Mwezi wa 6 jua linachomoza likiwa limesogea kama digrii 23 upande wa kaskazini mwa mashariki, mwezi wa 12 linasogea kiasi hichohicho upande wa kusini. Ukisimama chumbani ukitazama dirisha lako, mwezi wa 6 mchirizi utaangukia zaidi upande wako wa kulia, mwezi wa 12 upande wa kushoto. Ndiyo maana mtu anasogeza kitanda cha mtoto, anafurahi wiki kadhaa, kisha shida inarudi na hajui imetoka wapi.

Hapo ndipo wifi yako anashinda. Chukua lile la 140, ulifunge nje, juu ya ukuta, likiwa katikati ya tundu. Kitambaa chake kitakuwa kama 136 au 137, kwa hiyo kitapita ukingo wa tundu kwa sm 7.5 hadi 9 kila upande. Kikikaa kama sm 3 kutoka ukutani, mwale wa jua ungelazimika kuja umelalia ukuta kabisa ndipo upenye pembeni, na jua la alfajiri kwenye ukuta unaotazama mashariki halilali hivyo. Utakaoingia ni mwanga uliokwishagonga ukuta mara moja au mbili, hafifu, usiomwamsha mtu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji 140 ni ya nini: ya kitambaa, au ya bomba linaloviringisha kitambaa pamoja na vishikio? Wauzaji wengine wanataja moja, wengine nyingine, na tofauti ni zile sm 3. Kwa kufunga nje yoyote kati ya hizo itakufaa, lakini ni vizuri ujue unachonunua. Urefu usiwe chini ya 160, ili upate sm 10 juu ya tundu na 10 chini yake. Mwambie fundi aweke bomba hivi kwamba kitambaa kishuke upande wa nyuma, karibu na ukuta. Kuna wanaoligeuza kishuke mbele kwa sababu bomba linafichika na linaonekana safi, lakini hapo nafasi kati ya kitambaa na ukuta inakuwa kubwa, na mwanga unapata mlango. Juu ya bomba, seremala akutengenezee kisanduku cha ubao chepesi kinachofunika juu na mbele, kirefu kidogo kuliko bomba. Ni kazi ndogo ya ubao mmoja, na inaziba mwanga wa juu ambao watu wengi husahau mpaka usiku wa kwanza.

Kuhusu kutoboa: juu ya dirisha kuna linta ya zege, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya tundu, na juu ya linta kuna matofali. Kwenye zege inahitajika mashine inayogonga huku ikizunguka. Ya kuzunguka tu itaunguza ncha yake ya kutobolea bila kwenda popote. Kwenye sehemu mliyoongeza, kama mlijenga kwa matofali ya saruji yenye matundu, skrubu inaweza kuangukia uwazi, ikashika leo na kulegea mwezi ujao. Kwa hiyo bora vishikio viangukie kwenye linta. Matundu yasikaribie ukingo wa dirisha kwa chini ya sm 4 au 5, maana plasta ya ukingoni huvunjika vipande. Na waya wa umeme mara nyingi hupita juu ya dirisha kwenda kwenye soketi. Zimeni swichi kuu wenyewe na fundi atumie mashine ya betri. Msitegemee kwamba umeme umekatika, unaweza kurudi wakati mkono uko ukutani.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Mtoto wa miezi 8 leo anatambaa, kesho anasimama kwa kushikilia chochote. Kamba na cheni za mapazia zimeua watoto katika nchi nyingi; mtoto anaingiza shingo kwenye kitanzi, anateleza, na halii kwa sababu hewa imekatika. Kama muuzaji ana pazia la springi linalovutwa kwa mkono bila cheni, lipe nafasi ya kwanza hata kama linazidi bei kidogo. Kama ni la cheni tu, cheni ibanwe ukutani kwa kishikio chake ikiwa imekazwa, isining'inie. Kama ni la kamba, kamba ifungwe juu, angalau mita 1.5 kutoka sakafuni. Kitanda cha mtoto, kiti na meza vikae mbali na dirisha. Kwa hili sina «labda».

Twende sebuleni. Hapa fundi akifunga ndani, dirisha halitafunguka tena. Mabawa yanafungukia ndani kwa sababu nyumba zile za zamani nyingi zilijengwa hivyo, na antivoli ikawekwa upande wa nje. Bawa likizunguka linapita kwenye nafasi ileile ambayo pazia la ndani lingekaa. Siyo suala la kipimo, ni suala la njia. Nimeona watu wakifunga hivyo, halafu dirisha likabaki limefungwa mwaka mzima, na sebule ikaanza kunuka unyevu. Kwenye mji wenye mvua kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 5, hilo si dogo.

Hata nje si rahisi kama wifi anavyodhani. Pazia la vipande likipandishwa halipotei, linajikusanya fungu. La vipande vya mbao lenye urefu wa mita moja na nusu linaacha fungu la karibu sm 20. Kama fungu hilo linaning'inia mbele ya tundu, bawa litaligonga kila asubuhi. Itabidi pazia lifungwe juu zaidi, sm 20 au zaidi juu ya tundu, ili fungu lote libaki ukutani na bawa lipite chini yake. Pima basi kutoka juu ya dirisha mpaka dari. Kama una sm 30, inawezekana. Kama una 15, achana nalo. Angalia pia mpini wa dirisha: ukitokeza sm 4 au 5 kutoka usawa wa ukuta, vipande vitauegemea na havitafunga vizuri, na utahitaji vishikio virefu vya kulisogeza pazia mbele.

Njia ya pili ni kufunga pazia dogo kwenye kila bawa, linazunguka nalo. Kwa kuwa mabawa yako ni ya mbao, skrubu ndogo zinashika. Chagua vipande vyembamba vya aluminiamu, na chini pabanwe ili visipige kelele bawa linapozunguka. Jua la jioni linakuja limelala kama la asubuhi, na vipande vinavyogeuzwa vinakuruhusu kulizuia bila kuzima mwanga wote. Mimi ningekushauri hii kabla ya ile ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba unanunua mawili, na mbao za zamani zikivimba wakati wa mvua, bawa lililokuwa zito linazidi kuwa zito.

Na ya tatu utacheka: acha rido. Fimbo ndefu inayopita tundu kwa sm 30 kila upande, kitambaa kizito kinachovutwa kabisa pembeni, na mabawa yanafunguka bila kugusa kitu. Najua ulitaka kuziondoa. Kwa dirisha linalofungukia ndani, rido bado ni kifaa kizuri, na muuzaji wa stori hatakuambia hivyo.

Kama utachagua vipande, kuna jambo la milima yetu. Bukavu jirani anaweza kuwa juu yako kuliko paa lako. Vipande vikiinamishwa vibaya, yeye anaona sakafu yako yote usiku taa ikiwaka. Geuza ukingo wa upande wa chumbani uwe juu na ule wa upande wa kioo uwe chini. Wa mlimani ataona vipande tu. Kama wanaokusumbua ni wapita njia walio chini yako, geuza kinyume. Wengi wanadhani vipande vikifungwa vimefungwa tu, hawajui vina pande mbili za kufungia.

Kuhusu joto, usitarajie mengi. Pazia liko nyuma ya kioo, ndani au nje ya tundu, na jua likishapita kioo joto lake limeshaingia. Rangi nyeupe upande wa kioo inarudisha sehemu yake, basi. Kwa sebule inayochemka jioni, kivuli cha nje ya nyumba, yaani ukingo wa paa au mti, kinafanya kazi kuliko pazia lolote.

Limebaki swali lako la mwisho. Mama, usiufunike ufa ule. Kona ya dirisha ndipo ukuta unapobeba mkazo mkubwa, kwa sababu pale uzito unalazimika kuzunguka tundu. Ufa wa plasta peke yake, mwembamba, usiokua, ni wa kawaida. Lakini wewe unasema ulikuwa unywele na sasa unaonekana. Nyumba ya zamani ya Bukavu imepitia mengi: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi mjini, na kuna mitaa, Funu ikiwa mfano unaojulikana, ambako ardhi yenyewe inateremka polepole. Siwezi kusema kwa maandishi ni kipi kinachosukuma ukuta wako.

Fanya hivi leo. Chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa pande zote mbili, andika tarehe kando yake. Angalia pia upande wa nje wa ukuta, mahali palepale. Jaribu kufungua mabawa: yanakwaruza fremu kuliko mwaka jana? Kama ufa unaonekana pande zote mbili, au unakwenda mshazari kuelekea dari, au umepita alama yako baada ya wiki chache, mwite mwashi mwenye uzoefu, na ikiwezekana mhandisi, aje aone kwa macho yake kabla mtu hajagusa ukuta huo kwa mashine. Kutoboa linta inayochoka ili kutundika pazia ni kuongeza jeraha.

Chumba cha mtoto hakina sababu ya kungoja. Nunua la 140, lile la springi likipatikana. Sebule ingoje mwashi aseme neno lake, na siku atakapokuja mwonyeshe pia yale mabawa, maana fremu iliyopinda hata kidogo itabadilisha vipimo vyote ulivyoniandikia.